Tundu la Inchi Kumi na Nne

Vani ya mizigo ilitengenezwa kwa ajili ya vitu visivyopumua. Maboksi, mabomba, makopo ya rangi, mikate ya kupeleka madukani: vyote hukaa ndani ya bati siku nzima na havidai kitu. Mtu akitia humo kitanda, jiko dogo na nguo zake, akaamua kuishi mwaka mzima, amelitwika gari kazi ambayo waliolichora hawakuifikiria. Wapita njia hudhani shida yake kubwa ni ufinyu. Ufinyu huzoeleka. Joto halizoeleki.

Mahali pazuri pa kulitazama jambo hili ni jangwa la Arizona, kusini-magharibi mwa Marekani. Karibu na mji mdogo wa Quartzsite kuna ardhi ya serikali ambako majira ya baridi hukusanyika maelfu ya watu wanaoishi ndani ya magari. Wamo wastaafu ambao pensheni yao haikufua dafu mbele ya kodi ya nyumba, wamo vijana wanaofanya kazi kwa kompyuta, na wamo waliochoshwa tu na kuishi pamoja na majirani wale wale. Bob Wells alianza kuwakutanisha huko mwaka 2011, na kitabu cha Jessica Bruder cha 2017, Nomadland, pamoja na filamu iliyotokana nacho na kupata Oscar ya filamu bora mwaka 2021, viliwatangaza duniani. Filamu inakuonyesha machweo na upweke. Haikuonyeshi sana kile ambacho watu hao wanaweza kukizungumza jioni nzima wakikutana: nani katoboa paa wapi, na upepo wake unaingilia wapi.

Mazungumzo hayo ndiyo yanayonivutia mimi. Ndani yake kuna ufundi halisi, ambao umekuzwa kwa sehemu kubwa na watu wasio mainjinia, na ambao kazi yake nzuri haionekani kwa macho. Ukiingia kwenye vani iliyotengenezwa vizuri saa tisa alasiri, husemi “feni gani hii!” Unakaa, unaanza kuzungumza mambo mengine.

Hesabu ya adui ni rahisi. Jua la adhuhuri jangwani, anga likiwa safi, humwaga takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Paa la vani ndefu lina mita za mraba kama saba. Kwa hiyo kilowati saba zinalipiga bati lenye unene usiofika milimita moja, na chini ya bati hilo kuna mtu anayetaka kukaanga mayai. Hakuna kiyoyozi cha kawaida cha gari kama hilo kinachoweza kupambana na mzigo wote huo kikashinda. Fundi mzuri basi haanzi na kupoza. Anaanza na kulizuia joto lisiingie.

Kwenye rangi bahati imewasaidia. Vani nyingi za mtumba zilikuwa mali ya makampuni, na makampuni hununua nyeupe. Rangi nyeupe huirudisha angani sehemu kubwa ya mwanga unaoipiga. Nyeusi huunywa karibu wote. Wenye fedha zaidi hupenda kijivu kilichokolea kwa sababu kinapendeza pichani, na Julai ikifika ndio wa kwanza kutafuta mti.

Juu ya paa huja paneli za sola, na hapo ndipo utamtambua anayejua kazi. Asiyejua huzilaza paneli bapa juu ya bati. Anayejua huziinua kwa vishikizo vya chuma sentimita kadhaa, hewa ikapita kati. Paneli iliyoinuliwa inazalisha umeme na wakati huo huo inalitilia paa kivuli, na kivuli hicho nacho kinapozwa na upepo unaopita chini yake. Isitoshe, sola hupungukiwa nguvu kadiri inavyopata moto, kwa hiyo hewa ile ya mgongoni humrudishia mwenye gari umeme ambao angeupoteza. Sijaona kipande kingine cha kazi hii kinacholipa vizuri namna hiyo kwa gharama ya vyuma vinne na skrubu zake.

Kioo cha mbele ndicho mlango mkuu wa joto. Ni kikubwa, kimelala mshazari, na hakuna ukuta wa kukizuia. Wengi hushona pazia nene lenye upande wa kung'aa na kulibandika kwa ndani kwa sumaku. Linasaidia, lakini mwanga uliokwisha kuvuka kioo tayari uko ndani ya nyumba. Pazia la nje hufanya kazi bora zaidi, ila linaibwa, linapeperushwa na linachafuka. Huku na huku kuna hasara, na kila mtu huchagua yake. Wazoefu huegesha pua ikielekea kaskazini, ili kioo kile kisikodolewe na jua la mchana, na upande wa magharibi, ambao alasiri hupigwa vibaya zaidi, huuachia ukuta usio na dirisha au huukunjulia turubai.

Baada ya nje, kuta. Kati ya bati la nje na mbao za ndani hutiwa kitu cha kuzuia joto: bodi za povu gumu, sufu ya kondoo, au nyuzinyuzi nyeupe za Thinsulate ambazo watu wamezizoea kwenye makoti ya baridi. Kila kimoja kina wafuasi wake na wafuasi hao hawasikilizani. Sufu ina sifa moja ninayoipenda: inaweza kunywa unyevu unaokaribia theluthi ya uzito wake bila kuonekana imelowa, kisha ikauachia hewa inapokauka. Povu halifanyi hivyo, lakini kwa unene uleule linazuia joto zaidi. Kilicho muhimu kuliko aina ni mbavu. Mwili wa vani umeshikwa na mbavu za chuma, na chuma hupitisha joto mara mia nyingi kuliko povu. Ukijaza nafasi zote kati ya mbavu ukaziacha mbavu zenyewe wazi, umefunga madirisha umeacha mlango. Fundi mvumilivu huzivisha mbavu nazo, huingiza nyuzi ndani ya matundu yake kwa vidole, halafu hupigilia mbao juu ya ukanda laini ili mbao na chuma visigusane.

Karatasi ya kung'aa nayo ina masharti yake. Inarudisha joto la mnururisho pale tu inapotazamana na nafasi tupu ya hewa. Ukiibana katikati ya bati na povu, inakuwa karatasi ya alumini iliyobanwa, basi. Joto linapita kwa kugusana na mng'ao hauna kazi. Mitaa mizima ya vani imebeba karatasi hizo bila faida yoyote, na wenyewe wanazisifia.

Na hapa pana jambo ambalo wengi hulipata wakiwa wamechelewa. Kizuizi cha joto hakipozi. Kinachelewesha. Joto ambalo lingeingia saa sita litaingia saa kumi, na likishaingia, kuta zilezile zilizolizuia zinalizuia lisitoke. Usiku wa jangwa hushuka haraka, nje watu wanavaa sweta, huku ndani ya vani iliyofunikwa vizuri hewa ya alasiri imekwama darini. Ndiyo sababu kazi yote iliyotangulia haina maana mpaka paa litobolewe.

Tundu lenyewe ni mraba wa inchi 14 kwa 14, kama sentimita 35 na nusu kila upande, kipimo ambacho kimekuwa cha kawaida kwa nyumba za magurudumu Marekani kiasi kwamba feni za makampuni hasimu huingia kwenye tundu lilelile. Hebu fikiria ujasiri unaotakiwa. Gari halivuji. Limetoka kiwandani likiwa na paa zima, na sasa mtu amepanda ngazi na msumeno wa umeme kulifanyia jeraha la makusudi.

Anayejua hapandi ngazi kwanza. Anaanza ndani, amelala chali, akipapasa dari kutafuta mbavu za paa ziko wapi, maana ukizikata umelidhoofisha gari. Anaangalia kitanda kitakaa wapi, sola zitakaa wapi, kabati litafunguka vipi. Akiridhika, anatoboa kijitundu kimoja kutoka chini kwenda juu, na kijitundu hicho ndicho kitakachomwongoza akiwa juu. Huko anabandika utepe wa karatasi kuzunguka eneo lote ili msumeno usichubue rangi, anachora mraba juu ya utepe, anatoboa pembe nne kwa drili, kila tundu likitosha kupitisha bapa la msumeno lenye meno madogo ya kukatia chuma. Chini, ndani ya gari, msaidizi amebandika boksi au mfuko wa taka darini.

Kukata kunachukua dakika chache. Bati linatetemeka na kupiga kelele ya kutia wasiwasi, kwa hiyo mkono wa pili hulikandamiza karibu na msumeno. Anapofika upande wa nne, anasimama. Anabandika utepe kuvuka mahali alipokwisha kukata, kwa sababu mraba ule ukiachwa uning'inie kwa upande mmoja utajikunja kwa uzito wake na kuliburuta bati la paa pamoja nao. Ukanda wa senti kadhaa unaokoa paa.

Kisha huja sehemu ambayo mwenye haraka huiruka: vijichembe vya chuma. Msumeno umemwaga unga wa chuma juu ya rangi nyeupe, nao umetoka ukiwa wa moto, unanata. Ukiuacha hadi asubuhi, umande utaugeuza madoa ya kutu kama makovu ya ndui kwenye paa jipya. Fundi huchukua sumaku, akaivisha mfuko wa plastiki, akaipitisha polepole juu ya kila mfereji wa paa. Mfuko ukijaa manyoya ya chuma, anaugeuza nje ndani, sumaku inatoka safi, chuma kinabaki mfukoni. Anarudia. Halafu anafuta kwa kitambaa, halafu anarudia tena kwa sumaku kwa kuwa kitambaa kimeibua vingine. Kingo za tundu hupigwa tupa mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa, hufutwa kwa spiriti, hupakwa rangi ya kuzuia kutu, na huachwa zikauke. Kukauka huko ni saa nzima ya kukaa bila kufanya kitu, na mtu mwenye feni mpya ndani ya boksi haoni saa ndefu kuliko hiyo.

Paa la vani kama Sprinter lina matuta, na feni ina kitako bapa. Wengine hulazimisha gundi nyingi ijaze mabonde. Wanaojali huweka fremu ya kati iliyofinyangwa kufuata matuta. Chini ya kitako hulazwa utepe mweusi wa butili, mlaini, unaonata kama ulimbo, na skrubu hukazwa kwa zamu, pembe hii kisha pembe ya mkabala, nusu mzunguko kila mara. Butili ikianza kuchungulia nje sawasawa pande zote, kazi imekaa. Ikijitokeza upande mmoja tu, kuna mahali hapajabanwa na hapo ndipo mvua itakapopita. Mwisho, kila kichwa cha skrubu na ukingo wote hufunikwa kwa gundi nyeupe inayojisambaza yenyewe. Mtihani ni mpira wa maji kwa robo saa, mtu wa ndani akiwa na tochi na karatasi ya shashi, akigusa pembe moja moja.

Feni yenyewe haina maajabu. Feni nzuri za paa zinasukuma hadi futi za ujazo 900 kwa dakika zikiwa kasi ya juu, yaani mita za ujazo kama 25, wakati hewa yote iliyomo ndani ya vani ya ukubwa wa kati haizidi mita za ujazo kumi. Kwa hesabu hiyo hewa ya nyumba inabadilishwa zaidi ya mara mbili kwa dakika. Kwa vitendo inategemea kama hewa hiyo ina pa kuingilia, na hili ndilo shina la ufundi wote.

Mtu huuliza: hewa moto si hupanda yenyewe? Hupanda, lakini kinyonge. Kwenye kimo cha mita mbili, ndani kukiwa na joto la nyuzi kumi zaidi ya nje, msukumo unaopatikana hauzidi paskali moja, sawa na uzito wa karatasi moja ya ofisi iliyolazwa. Unatosha kuiondoa hewa paa zima linapoinuka, na kila aliyepanda vani ya watalii kutoka Nairobi kwenda Maasai Mara ameuhisi: dereva akiinua paa watu wasimame kumtazama simba, moto wa ndani huondoka kabla simba hajaonekana. Lakini kwenye tundu la inchi 14 lenye wavu wa mbu, karatasi moja haitoshi. Lazima feni isaidie.

Feni inatoa, dirisha linaingiza. Ukifungua dirisha lililo chini ya feni, hewa itaingia hapo na kutokea hapo, na kitanda kilicho nyuma kitabaki na joto lake kama vile hakuna kilichofanyika. Ukifungua mlango mzima, feni itavuta kutoka kila mahali na hutausikia upepo popote. Siri ni kuweka feni upande mmoja wa gari na kuacha nafasi ndogo upande wa pili, mbali, upande wenye kivuli. Nafasi ikiwa finyu, hewa inaingia kwa kasi. Kwa hiyo wenye kitanda nyuma huweka feni mbele, au katikati juu ya jiko, kisha hukata vidirisha vyembamba viwili usawa wa mto. Usiku hufunguliwa kiasi cha vidole vitatu, feni ikazungushwa mwendo mdogo, na upepo wa jangwa hupita juu ya uso wa aliyelala kabla ya kwenda popote pengine.

Kupima njia hiyo hakuhitaji chombo cha maabara. Kijiti cha udi kinatosha. Kiwashe, kishike dirishani, utazame moshi. Ukienda moja kwa moja hadi kwenye feni, njia ipo. Ukizunguka kabatini na kukaa, pale pana kona iliyokufa, na mwenye kitanda kwenye kona hiyo ataamka amelowa jasho hata feni ingekuwa ya namna gani. Nimeupenda mtihani huu kuliko vipimo vyote vinavyouzwa, na unaacha nyumba inanukia.

Watu wa mwambao hawataona la ajabu hapa. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zilijengwa na watu waliojua kaskazi inaingilia wapi na kusi inatokea wapi. Ng'ambo ya bahari, katika mtaa wa Al Fahidi kule Dubai, wafanyabiashara waliotoka Iran mwishoni mwa karne ya 19 waliinua juu ya nyumba zao minara ya kukamata upepo. Tofauti ni kwamba nyumba ya mawe haigeuzwi upepo ukigeuka. Vani inageuzwa.

Feni ina kazi ya pili ambayo haihusu joto, na huenda ndiyo inayolinda maisha ya gari. Mtu aliyelala hutoa maji kwa pumzi na ngozi, robo lita au zaidi kwa usiku mmoja. Wawe wawili na mbwa. Kisha asubuhi wachemshe chai kwa gesi: kila kilo ya propani inayoungua huzaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, mvuke mtupu, ndani ya chumba cha mita kumi za ujazo. Mvuke huo unatafuta mahali baridi pa kutulia na kulipata bati nyuma ya mbao zile nzuri. Bati linatoka jasho, jasho linashuka kwenye mifereji ya sakafu, na kutu inaanza pasipoonekana. Kwa hiyo hata kwenye baridi ya Januari mpishi huwasha feni na kufungua dirisha kidogo, akakubali kupoteza joto. Jiko la gesi lina hatari nyingine, ile hewa ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, na kengele ya kuigundua haifai kukosekana kwenye gari la kulala. Ni jambo la kununua na kufunga, halina mjadala.

Jangwani kuna njia ya kupoza ambayo mtu yeyote aliyekunywa maji ya mtungi anaijua. Maji yakipenyeza kwenye udongo na kukauka nje, yanaondoka na joto. Vipoza vya maji hufanya hivyo kwa kupuliza hewa kwenye sponji iliyolowa. Lita moja ikikauka kwa saa moja huondoa joto la karibu wati 670, na umeme unaotumika ni wa kifeni na pampu ndogo tu. Wamarekani walilijua hili barabarani tangu zamani: miaka ya 1940 na 1950, wakati viyoyozi vya gari vilikuwa anasa, wasafiri wa Route 66 walining'iniza dirishani mapipa madogo ya bati yenye maji na nyuzi ndani, wakavuka jangwa upepo wa mwendo wa gari ukifanya kazi ya feni.

Lakini njia hii inategemea ukavu. Hewa ya nyuzi 40 yenye unyevu wa asilimia 10 inaweza, kwa nadharia, kushushwa hadi karibu nyuzi 19. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 65, kama ya Mombasa siku ya kawaida ya Machi, haishuki chini ya 26 na ushee, na kabla ya hapo umekwisha kugeuza chumba kuwa bafu. Hata Arizona yenyewe ina msimu wake wa mvua, kuanzia Julai hadi Septemba, ambapo unyevu huja kutoka kusini na vipoza vilivyosifiwa Juni vinafungiwa kabatini. Na kipoza cha maji hakifanyi kazi kwenye gari lililofungwa. Kinataka hewa mpya wakati wote, kwa hiyo tunarudi kwenye dirisha na feni.

Kuhusu kiyoyozi watu hugombana. Kile cha juu ya paa, cha BTU 13,500, kinakula wati 1,300 hadi 1,500. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100, ambayo si ya bei ndogo, ina wati-saa 1,280: inakauka kabla ya saa moja kwisha. Sola za wati 400, ambazo ndizo paa la kawaida linaweza kubeba huku likiacha nafasi ya feni, huleta kilowati-saa mbili hivi kwa siku ndefu ya kiangazi. Feni ikila ampea moja usiku kucha inakunywa sehemu ya kumi ya betri hiyo. Siku hizi kuna viyoyozi vidogo vya moja kwa moja kwenye betri, vingi vikiwa vilibuniwa kwanza kwa ajili ya malori. Madereva wa masafa marefu, wakiwamo Wakenya na Watanzania walioko Marekani, wanajua kwa nini: California hairuhusu lori lililoegeshwa kuunguruma zaidi ya dakika tano, na kiyoyozi cha injini hakimsaidii mtu usingizini. Vifaa hivyo ni vizuri. Bei yake pamoja na betri za kuvilisha inaweza kupita bei ya vani ya mtumba.

Simlaumu anayevinunua. Mwenye mgonjwa, mzee, au mbwa anayebaki peke yake ndani ya gari hawezi kuishi kwa nadharia ya upepo. Feni ina mpaka wake, na ni vizuri kuutaja wazi: hewa ikishapita joto la ngozi, takriban nyuzi 35, kila unachopulizia mwilini kinakuongezea joto, na unabaki ukitegemea jasho likauke. Mwaka 2023 jiji la Phoenix lilipitisha siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na zaidi. Hakuna tundu la paa, la inchi 14 wala 40, lililotengenezwa kwa siku za namna hiyo.

Ninachopinga ni kuanza na kiyoyozi. Vani nyeusi, mbavu wazi, kioo kitupu, halafu mashine ya maelfu ya dola juu yake ikipigana na jua ambalo lingezuiwa kwa turubai. Mashine ileile, kwenye gari lililokwisha kufanyiwa kazi yote ya awali, hupumzika nusu ya muda.

Wazoefu wa Quartzsite wenyewe wana jibu la bei rahisi zaidi, nalo ni usukani. Mwenye nguvu mpishe. Phoenix iko mita 330 hivi juu ya usawa wa bahari, na kiwango chake cha joto mchana wa Julai ni kama nyuzi 41. Flagstaff, kilomita 230 kaskazini, iko mita 2,100, katikati ya misonobari, na Julai yake hufika 28. Kwa tangi moja la mafuta umepata nyuzi 13, tofauti ambayo ingekugharimu betri chungu nzima. Machi watu wanaanza kupanda, Oktoba wanaanza kushuka. Sheria nayo huwasukuma, maana kwenye sehemu kubwa ya ardhi hizo za serikali kikomo cha kupiga kambi mahali pamoja ni siku 14.

Kila wanapofika mahali papya kuna kazi moja ya kufanywa kabla ya kukunjua viti. Feni ya paa, kwa nguvu zake zote, haiwezi kushindana na upepo wa kweli. Ukiegesha vidirisha vya kitandani vikiwa upande unaokimbiwa na upepo, nje kunavuta na feni inavuta, zinanyang'anyana hewa ileile, na moshi wa udi unasimama katikati ya chumba. Ndipo utamwona mtu aliyeendesha saa nne, amechoka, anawasha tena injini na kuligeuza gari nusu mzunguko, kisha anashuka kuangalia kama jirani aliyeegesha kabla yake amefanya vivyo hivyo.